Kabla Hamjaliuza Gitaa, Lifungueni

Kikao kilichukua nusu saa, na nyingi ya dakika hizo zilikwenda kwenye sala ya kufungulia na matangazo. Ajenda ilikuwa moja: gitaa la kwaya litengenezwe, liuzwe, fedha yake iongezewe michango, tununue kinanda cha umeme. Katibu alisoma sababu kwa mstari mmoja: gitaa lina sauti moja, kinanda kina sauti mia. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nalipiga gitaa hilo kwa miaka minne, na sikunyoosha mkono. Nilikuwa naamini hivyohivyo.

Leo siamini, na nimechoka kuisikia sentensi hiyo ikirudiwa hapa Ushirombo, tena na vijana wenzangu waliosoma, kana kwamba ni sheria ya maumbile. Gitaa la umeme halina sauti moja. Lina zile sauti ambazo mtu fulani kiwandani aliona zinatosha, na sisi tumemtii bila hata kumjua jina.

Nianze na chombo chenyewe, maana kubishana juu ya kifaa ambacho hujakifungua ni kelele tu. Pikapu ninayoizungumzia siyo ile inayopita barabara ya Kahama ikiwa imejaa viroba vya mawe ya dhahabu. Ni kile kijiboksi kilichokaa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya ile koili, na amplifaya inaukuza. Pikapu iliyo karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa, inadaka sauti kali na nyembamba, kwa sababu hapo uzi unacheza kidogo. Iliyo karibu na shingo inadaka sauti nene na ya duara, kwa sababu hapo uzi unacheza kwa uhuru zaidi. Uzi ni uleule na kidole ni kilekile. Kinachobadilika ni mahali unaposikilizia.

Gitaa letu ni la bei nafuu, la umbo linaloigwa dunia nzima: pikapu tatu, swichi moja yenye vituo vitano. Mama wa umbo hilo ni Stratocaster ya Fender, iliyotoka mwaka 1954 ikiwa na swichi ya vituo vitatu. Kila kituo pikapu moja, basi. Wapiga gitaa ndio waliogundua kwamba swichi ikikwamishwa katikati ya vituo viwili, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na inatoka sauti nyingine kabisa, laini yenye mlio kama wa kioo. Walipiga hivyo majukwaani miaka na miaka, wakiviziavizia swichi isichomoke. Kiwanda kilikuja kuwawekea vituo vitano mwaka 1977. Miaka 23 baadaye! Kumbuka hilo mtu akikwambia kwamba waliotengeneza ndio wanaojua.

Sasa hesabu ya shule ya msingi. Pikapu tatu, unaweza kuziwasha kwa namna ngapi? Moja moja: namna tatu. Mbili mbili: namna tatu. Zote kwa pamoja: namna moja. Jumla saba. Swichi ya vituo vitano inakupa tano. Ya shingo ikiungana na ya darajani, hupewi. Zote tatu kwa mpigo, hupewi. Sauti mbili zimelala ndani ya gitaa tangu lilipotoka kiwandani, umelipia koili zake, na hujawahi kuzisikia.

Huku kwetu tuna neno la kitu kama hicho: marudio. Ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na dhahabu kuoshwa. Mchimbaji mgeni anauona ni uchafu. Mwenyeji anaununua, anaupeleka kwenye matangi ya sayanidi, anatoa dhahabu ambayo uoshaji wa kwanza uliiacha. Geita watu wamegombania hata magwangala, mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa. Ukanda mzima huu unaishi kwa kujua kwamba mwoshaji wa kwanza hamalizi kazi. Lakini tukishika gitaa, akili hiyo tunaiacha mlangoni.

Mimi niliiacha. Nilisoma Fizikia mpaka kidato cha sita. Nimekokotoa ukinzani wa saketi za mfuatano na sambamba mara ambazo sizikumbuki, nikapata alama, nikasahau. Haikunijia hata siku moja kwamba chombo nilichokuwa nakikumbatia kila Jumapili kilikuwa saketi.

Aliyenifungua macho ni fundi wa kusuka mota, mwenye elimu ya darasa la saba. Kazi yake ni mota za pampu zinazovuta maji kutoka kwenye maduara ya wachimbaji, na za makarasha. Nilimpelekea gitaa kwa sababu swichi ilikuwa inakwaruza na kamati ilitaka liuzwe likiwa zima. Akafungua skrubu, akanyanyua ubao wa plastiki, akatazama kimya. Kisha akauliza:

"Mwalimu, koili zipo tatu. Mbona hakuna mahali zinawaka zote?"

Nikamjibu, "Ndivyo lilivyotengenezwa, fundi."

Akacheka. "Hata mota inakuja ilivyotengenezwa. Mtu akitaka nguvu nyingine, tunaisuka upya."

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, na ningeweza kuishia hapo. Lakini najua wasomaji wangu. Mnataka ushahidi.

Tulichukua swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, ya kawaida kabisa, aliyoitoa kwenye redio mbovu. Tukatoboa tundu kwenye plastiki. Waya mmoja kutoka pikapu ya shingo, kupitia swichi hiyo, moja kwa moja hadi kwenye volyumu. Kazi imekwisha. Swichi kubwa ikiwa kwenye kituo cha darajani, ukiwasha ile ndogo unapata shingo na daraja kwa pamoja. Ikiwa kwenye kituo cha kati na daraja, unapata zote tatu. Vituo vitano vimekuwa sauti saba.

Hatua ya pili ilitaka swichi ya miguu sita. Pikapu mbili zinapowaka pamoja, kiwandani huziunga sambamba. Tukaziwekea njia ya kuungana kwa mfuatano, kama betri mbili zinavyofuatana ndani ya tochi. Mita ya fundi ilionyesha kila pikapu ina ukinzani wa karibu omu 6,000. Zikiwa sambamba, karibu 3,000. Zikifuatana, karibu 12,000. Namba hizi niliwahi kuziandika kwenye mtihani kwa kalamu ya wino. Siku ile nilizisikia kwa sikio: sambamba, sauti safi na nyepesi, mfuatano, sauti nzito yenye kifua, ukali umepungua, nguvu imeongezeka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya banda la fundi nikiigeuzageuza swichi ile kama mtoto aliyepata taa. Nusu ya furaha hiyo ilikuwa hasira.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilienda sawa. Kuna waya niliung'ang'ania kuulehemu mwenyewe. Nikashikilia chuma cha moto muda mrefu mno, plastiki ya swichi kubwa ikayeyuka. Ushirombo swichi ile haipo. Tulisubiri wiki mbili ifike na basi kutoka Mwanza, na kwaya ikaimba kwa ngoma na makofi. Jaribio la tatu, la kugeuza nyaya za pikapu ya kati ili mawimbi yapingane, lilitoa sauti ya mtu anayeongea amebana pua. Kwaya ilicheka, mimi pia, tukazirudisha. Ile ya shingo na daraja, nzuri kama ilivyo, inanguruma ukiwa karibu na jenereta, kwa sababu koili zile mbili zimesukwa upande mmoja na hazifutiani mngurumo wa umeme. Na hakuna waya unaotibu shingo iliyopinda au nyuzi zenye kutu. Kati ya sauti zote tulizozipata, ninazozitumia kila Jumapili ni tatu.

Lakini tatu hizo zimebadilisha kazi yangu. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua kwa nini. Bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au Tabora Jazz zilikuwa na magitaa yaliyogawana kazi: solo huku, rizimu kule, besi chini, kila moja likitafuta nafasi yake ili lisimkanyage mwenzake. Kwaya yetu ina gitaa moja. Mtu mmoja inabidi awe mstari mzima wa mbele wa bendi. Waimbaji wanapoimba, nawasha zote tatu sambamba, gitaa linakaa chini ya sauti zao bila kuzifunika. Wakinyamaza na solo ikaingia, nabonyeza ile ya mfuatano, na mama wa safu ya nyuma wanageuka kutazama nani ameingia.

Nawasikia wanaosema: si ununue kile kisanduku cha kukanyaga, kina sauti mia? Kinunue ukiweza. Ila ujue kisanduku kinafanyia kazi kile kinachotoka kwenye gitaa. Ukikipa uji mwepesi, kitakurudishia uji mwepesi wenye sukari.

Wengine wanasema unaharibu, gitaa linapoteza uorijino. Neno hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ukiwaita orijino, wanaona kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio katika mji wa Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Lile gitaa tunaloogopa kulitoboa lilianzia kwa mtu mwenye benchi, chuma cha kulehemea na mazoea ya kufungua vitu, kama wale mafundi wa stendi ambao mama zetu walitukataza tusije tukawa kama wao.

Na wanaosema hatuna vifaa wamsikilize Brian May. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule Uingereza, alianza kutengeneza gitaa na baba yake kwa sababu hawakuwa na fedha ya kununua lile alilolitaka. Shingo waliichonga kutoka ubao wa zamani wa juu ya meko. Springi za mtikiso zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Kila pikapu wakaipa swichi yake ya kuwasha na kuzima, na nyingine ya kugeuza mawimbi. Gitaa hilohilo ndilo linalosikika nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, mwaka 1946. Tunajivunia mtoto wetu wa Zanzibar, hatuulizi gitaa lililokuwa likimsindikiza lilisukwaje. Ushirombo ina springi za pikipiki kuliko ina barabara za lami.

Kwa hiyo vifaa tunavyo. Tatizo letu ni mgawanyo wa heshima. Tumejenga shule ambayo anayejua saketi kwenye karatasi anaitwa msomi, na anayeigusa kwa mkono anaitwa aliyeshindwa. Fundi wangu angeweza kusuka pikapu mpya kutoka mwanzo, lakini hakuwa na sikio la kujua sauti ipi inafaa wimbo upi. Mimi nilikuwa na sikio na kanuni, lakini niliogopa bisibisi. Kila mmoja alikuwa na nusu, na kati yetu palikuwa na mita mia mbili za barabara ambazo sikuwahi kuzivuka kwa miaka minne. Umbali huo hakuna mwekezaji atakayekuja kutuvukisha.

Kwaya ilinunua kinanda hatimaye. Ni kizuri, sina ugomvi nacho. Gitaa halikuuzwa: wanunuzi wawili walikuja, wakaona tundu na swichi za ziada, wakasema limechezewa, wakaondoka. Kamati ilininunia kidogo. Ndiyo maana gitaa bado liko kanisani, na bado nalipiga.

Wewe unayesoma, kama kuna gitaa linalokaa kimya nyuma ya kabati la kwaya, la shule au la marehemu mjomba, chukua bisibisi. Kabla hujagusa waya wowote, lipige picha kwa simu, andika rangi ya kila waya na ulikotoka, ili kila kosa liweze kurudishwa. Tafuta fundi, mlipe, na umwite fundi kwa heshima ileile unayomwita daktari daktari. Na kikao kijacho mtu akisimama kusema gitaa lina sauti moja, mwulize amelifungua lini.