Masika Si "Msimu wa Chini"

Kila Machi ikielekea ukingoni, magazeti na redio zetu huanza wimbo uleule: utalii wa Zanzibar unaingia "msimu wa chini". Mimi mwenyewe nimeandika hivyo, tena si mara moja, na mhariri akapitisha bila kushtuka. Leo naomba tushtuke.

Chini kwa nani? Aprili na Mei ni masika. Visima vinajaa, na mkulima wa mpunga hana hata muda wa kukaa kitako. Hiyo "chini" imo kwenye daftari la hoteli tu, lakini tumeibeba mpaka imekuwa chini ya kisiwa kizima.

Na tazama neno tulilolitumia. Msimu limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, nalo lilisafiri na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Wareno wakalichukua neno hilohilo, likaishia kwa Waingereza kuwa monsoon. Sasa jiulize: baharia gani angeuita wakati wa kusi "msimu wa chini"? Bila kusi harudi kwao. Na kusi huanza kuvuma Aprili hiyohiyo.

Najua mtaniambia: ah, hii ni istilahi ya biashara tu, punguza jazba. Sawa, biashara ina haki ya kuwa na istilahi zake. Ila angalieni hii inafanya kazi gani. Mhudumu wa hoteli anaambiwa aende nyumbani Aprili, mshahara hakuna, ataitwa Juni. Akiuliza kwa nini, anajibiwa: msimu wa chini. Ubishi umekwisha hapo, maana nani atagombana na mvua? Uamuzi wa mtu umevalishwa koti la mvua, na aliyeamua haonekani tena.

Sisi tunaoandika ndio tuliolishona koti hilo. Basi tuandike kinachotokea: hii ni "miezi ya wageni wachache". Maneno hayo yanataja wageni, na kweli wao ndio waliopungua. Na hoteli ikiwarudisha wafanyakazi nyumbani bila mshahara, tuandike kwamba hoteli imewarudisha.

Masika ina jina lake tayari. Tusiitwishe lawama za bosi.