Makocha wa Kirumba, wapeni vijana muda

Najua kimya kimekuwa kirefu, majukumu ya chumba cha habari yalinibana kidogo. Leo naomba tuongee mpira, hasa ule unaochezwa kabla ligi haijaanza. Namaanisha kipindi cha maandalizi ya msimu, Julai kuelekea Agosti, ambapo nusu ya Jiji la Mwanza hugeuka kuwa kamati ya usajili.

Wanakamati utawakuta jioni mazoezini, iwe CCM Kirumba au pale Nyamagana kwenye nyasi bandia. Kuna bodaboda aliyeegesha pikipiki na kusahau abiria. Kuna mwanafunzi wa SAUT anayerekodi kila chenga kwa simu. Kuna mchuuzi wa samaki aliyetoka Mwaloni, na mzee mstaafu mwenye kiti chake. Kila mmoja ana orodha yake ya wa kubaki na wa kuondoka. "Namba tisa mzito kama gunia la mpunga." "Huyo beki mfupi, Ligi Kuu watamruka kama karavati." "Winga huyu tayari, mwandikeni leo leo."

Sina ugomvi na hilo, tena napenda. Pamba Jiji iko chini ya Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo mama ntilie anayelipa ushuru sokoni ana haki kabisa ya kuuliza winga wa kulia ana nini miguuni.

Ugomvi wangu uko kwenye mizani tunayotumia, na kwa nani anayeumia mizani ikikosea.

Kelele za jukwaani zinasikika, jamani, msidhani zinapotea hewani. Klabu zetu za mikoani hazina kuta ndefu. Kiongozi anakaa hatua mbili kutoka kwa shabiki, na jioni wanakutana kijiweni. Jukwaa likimzomea mchezaji siku tatu, siku ya nne anayemtetea anaonekana ana maslahi. Sasa nani anakatwa? Mara nyingi si yule aliyekuja na ndege. Yule ana mkataba, kumtimua kuna gharama zake. Anayekatwa ni kijana wa majaribio, aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe au Sengerema kwa nauli ya kuazima, analala kwa shangazi yake Igoma, na hana karatasi yoyote mkononi. Huyo unamwambia tu asirudi kesho, na harudi.

Na tunampimaje? Kwanza kwa chenga. Akipiga tobo moja mazoezini, tayari ni Mrisho Ngassa mpya. Tunasahau kwamba Ngassa mwenyewe, mtoto wa hapa hapa Mwanza, hakuwa mtu wa tobo tu. Alikuwa anakimbia bila mpira mpaka beki anachoka, na ndiyo maana hata West Ham wakataka kumwangalia kwa majaribio mwaka 2009.

Pili kwa pasipoti na video. Mtu akitoka nje ya nchi akiwa na dakika nne za mabao kwenye YouTube, tunamkaribisha kama mkwe. Hakuna anayeuliza dakika zake nyingine 86 zilikuwaje.

Tatu, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, tunampima kwa mpira mmoja. Kijana kapewa dakika 20 za mechi ya kirafiki, kakosa bao moja la wazi, basi. Wiki mbili za mazoezi ya nguvu ziko kwenye miguu yake, miguu mizito kama ya mtu aliyebeba tofali, halafu sisi tunataka awe mwepesi.

Tuangalie mifano ya kanda yetu. Msimu wa 2021/22 nchi nzima ilikuwa inamwongelea Fiston Mayele wa Yanga, na haki yake, alifunga mabao 16. Lakini mfungaji bora hakuwa yeye. Alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, timu ikiwa kwenye msimu wake wa kwanza tangu kupanda. Geita wakamaliza nafasi ya nne na kwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Niambieni kweli, kabla ya msimu ule ni kijiwe gani hapa mjini kiliwahi kubishana kuhusu Mpole?

Mfano wa pili ni Mbao FC. Walipanda mwaka 2016 baada ya timu nyingine za kundi lao kuadhibiwa kwa kupanga matokeo. Wengi waliwaona kama wageni waliokuja harusini bila kadi. Hawakuwa na majina. Walikuwa na kocha mtulivu kutoka Burundi, Etienne Ndayiragije, na vijana ambao hakuna aliyekuwa anawagombania. Aprili 2017 wakamfunga Yanga 1-0 pale Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Fainali Dodoma, Simba ilihitaji muda wa nyongeza kuwatoa 2-1. Baada ya hapo ghafla kila mtu akawa anawajua. Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakachukuliwa Simba, Pius Buswita akaenda Yanga. Mwaka 2020 Mbao wakashuka.

Angalieni vizuri habari hizi mbili. Wachezaji waliozibeba timu hizo hawakutambuliwa na jukwaa. Walitambuliwa na kocha aliyepewa nafasi ya kuwapanga wiki baada ya wiki, wakakosea, wakapangwa tena. Na timu zilipoanza kubomolewa na kuundwa upya kila Julai, zikashuka. Geita Gold nao walishuka 2024.

Mwaka huo huo ndipo Pamba waliporudi Ligi Kuu, baada ya zaidi ya miaka 20. Mnakumbuka shangwe ile. Usajili ukaja mkubwa, kocha akaja mwenye jina, Goran Kopunović aliyewahi kuifundisha Simba. Kwenye maandalizi kila mtu alikuwa na uhakika. Ligi ilipoanza, sare zikafuatana, na Oktoba kocha akaondoka. Fred Felix Minziro akachukua timu, na mwisho wa msimu ikabaki Ligi Kuu. Kikosi tulichokisifia sana Agosti kilikuwa kundi la watu wasiojuana. Uwezo walikuwa nao, ila pasi ilikwenda mahali ambapo mwenzake bado hajafika.

Wazee wetu wa TP Lindanda hapa watanijibu kwamba zamani mchezaji alionekana siku ya kwanza tu. Watataja Fumo Felician, Khalfan Ngassa, George Masatu, Hussein Masha. Shikamooni wazee, majina hayo hakuna wa kuyabishia. Lakini Pamba iliyochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1990 haikuokotwa Julai. Watu wale walicheza pamoja, wakajuana mpaka kwa miluzi. Kumlinganisha kijana wa majaribio wa siku nne na timu iliyopikwa kwa miaka ni kumwonea.

Sasa je, tusiseme kitu? Hapana, tuseme, ila tuangalie vinavyoweza kuonekana kwenye maandalizi. Akipoteza mpira anafanya nini, anarudi au anashika kiuno? Beki anaongea na wenzake au anasubiri kuambiwa? Kiungo anageuza shingo kabla ya kupokea pasi? Kwenye mbio za mwisho wa mazoezi, pumzi zimekwisha, nani bado yuko mbele? Hivyo vitu havidanganyi hata kama miguu ni mizito. Vingine vyote, mabao, chenga, kuzoeana, vipimwe baada ya mechi nane au kumi.

Na kama tunataka kupiga kelele, basi tuwapigie viongozi. Tuwaulize wachezaji wangapi wa msimu uliopita wamebaki. Tuwaulize vijana wangapi wametoka Alliance pale Mahina, au Magu, au visiwani, na wamepewa mkataba wa muda gani. Hayo ni maswali ya mwenye timu. Kumzomea mtoto wa miaka 19 aliyekosa bao kwenye mechi ya kirafiki kunaweza kufanywa hata na mpita njia.

Mimi nitakuwepo Kirumba jioni zote nitakazoachiwa na mhariri. Tukikutana, niambieni jina moja tu la kijana ambaye mmeamua kumvumilia mpaka Desemba. Tuone nani atakuwa na jicho.

Nawasilisha.