Umemaliza Jumong? Fuata hizi

Kila siku hapa hosteli naulizwa, "Jumong imeisha, sasa tuangalie nini?" Jumong (2006) ina sehemu 81, kwa hiyo machungu ya kuimaliza nayaelewa, teh teh!

Kwanza tafuteni Kingdom of the Winds (2008). Ni yule yule Song Il-gook, safari hii ni Muhyul, mjukuu wa Jumong. Halafu The Great Queen Seondeok (2009), sehemu 62. Humo kuna Mishil, mama mwenye hila, anakitamani kiti cha enzi. Atawanyima usingizi!

Lakini likizo nikirudi Chiungutwa hizo nazificha. Mama hajui Kiingereza, basi mimi ndo nageuka mkalimani mpaka koo linakauka, na utamu wote unaishia kwangu. Namwekea ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011. Hapo Mama anacheka kabla yangu, na mkwe anamgombeza mwenyewe!

Msimamo wangu: tamthilia tamu ni ile ambayo mama yako anaifuata bila wewe. Mwenye nyingine za Kiswahili anishtue.