BIMA INALIPA INI LIKIHARIBIKA, KUACHA POMBE HAILIPI!

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, aliyewahi kupiga picha na kadi yake ya bima binafsi, tena ile ya bei mbaya, akawaambia mashabiki "afya kwanza". Leo familia yake inachangishana kwenye grupu la WhatsApp ili alipiwe soba hausi. Watu wanacheka: "Si ana bima huyo?"

Ndiyo, anayo. Shida ni ule ukurasa wa nyuma ambao hakuna anayeusoma. Mikataba mingi ya bima binafsi ina orodha ya yasiyolipiwa, na humo ulevi na dawa za kulevya vimekaa jirani na upasuaji wa urembo. Yaani mtu anayeamka anatetemeka mpaka apate pombe kali anawekwa fungu moja na anayetaka kuongeza makalio!

Eti alijitakia. Haya, mwenye presha aliyekula nyama choma na chumvi miaka 20 mbona analipiwa dawa? Aliyekimbiza pikipiki akavunja mguu mbona anawekewa chuma na hakuna anayemsuta? Halafu huyohuyo staa akilazwa anatapika damu, faili likiandikwa vidonda vya tumbo, kadi inapita fresh. Dripu, kitanda, siku tatu, anarudi kijiweni. Kampuni imetoa hela na ugonjwa uko palepale. Hiyo nayo ni biashara?

Wapo watakaosema aende Muhimbili, kuna methadoni ya bure. Kweli, huduma ilianza 2011 na imewanyanyua mateja wengi. Ila methadoni ni ya wa heroini, haimsaidii mlevi wa pombe.

Marekani, kwenye bima za biashara hasa, sheria ya 2008 ilikataza bima zinazolipia tiba ya uraibu kuiwekea masharti magumu kuliko magonjwa mengine. Kampuni za kule hazijafunga milango.

Mastaa wenzake wameposti maombi na vimishumaa. Sawa. Ila kuna wawili humo ndio sura za matangazo ya bima, kimya kama hawaoni. Wakiitwa kusaini dili jipya waulizie hicho kipengele kwanza, posho baadaye.

Na wewe mwenye kadi, fungua ukurasa wa yasiyolipiwa sasa hivi, kisha andika hapo chini umekuta nini.