MAONI: Ukiuliza ‘nimetokelezea?’ ukiwa tayari kwa matatu, si ukweli unataka

Kuna swali ambalo vijana wengi wa mjini huliuliza kila Ijumaa jioni na kila Jumapili asubuhi, na karibu wote huliuliza wakati mbaya. “Niambie tu ukweli, nimetokelezea?” Unaliuliza ukiwa umeshafunga keja, umeshalipa nauli, na mko watatu kwa kiti cha nyuma. Sasa rafiki yako akikuambia hiyo suruali imekubana, utaifanyia nini? Uivue hapo?

Msimamo wangu ni huu: maoni ya kweli kuhusu nguo yana maana pale tu ambapo nguo bado inaweza kubadilishwa. Kabla hujalipa. Kabla fundi hajakata kitambaa. Kabla hujatoka kwa nyumba. Baada ya hapo unachotaka ni sifa, na hakuna ubaya kutaka sifa, ila ziite kwa jina lake. Mwambie rafiki, “Leo nina woga, nisifu kidogo.” Atakusifu na safari iendelee.

Nasema hivi kwa sababu nguo zetu nyingi ni za mitumba, na ukishalipa pale kibandani, habari ya kurudisha isahau. Mtu pekee wa kukupa maoni wakati huo, kama umeenda peke yako, ni yule anayekuuzia. Nenda Gikomba au Toi siku yoyote. Hujamaliza kuingiza mkono wa pili kwenye koti, tayari umeambiwa, “Wee siz! Hiyo imekutoa! Ni kama ulishonewa!” Jirani yake wa kibanda cha pili anaitikia hata kabla ya kugeuka kukuangalia. Simlaumu huyo muuzaji. Alinunua belo ikiwa imefungwa, akaomba Mungu ndani iwe kamera, zile safi za kuchaguliwa kwanza, wala isiwe fagia tupu. Pesa yake itarudi tu ukiondoka na koti. Kumuuliza kama limekukaa ni sawa na kumuuliza makanga kama gari inatoka sasa hivi.

Kioo chake nacho hakisaidii. Ni kipande kimetundikwa kwa msumari, kimeinama kidogo, kinakuonyesha uso na kifua. Mgongo wako hukioni. Halafu kuna suala la mwanga. Chini ya turubai ya buluu kila kitu ni cha buluu, na chini ya turubai hiyo hiyo suruali nyeusi na ya buluu iliyokolea ni mapacha. Wengi wamefika nyumbani na kugundua kwamba ile suti “nyeusi” ina koti la rangi moja na suruali ya rangi nyingine. Toka nje kwa jua uiangalie. Muuzaji atalalamika kidogo, ataogopa unatoroka nayo, mwachie mfuko wako.

Kwa hivyo enda na mtu. Swali ni mtu gani. Wengi hubeba rafiki wa karibu zaidi, na hapo ndipo tunakosea, kwa sababu huyo anakupenda, na njaa pia inamuuma, anataka mmalize mwende kula chipsi. Mimi ningebeba mtu anayejua ile nguo inaenda wapi. Kama unaenda kwa wakwe, shangazi yako anajua urefu wa sketi unaotakiwa kuliko mbogi yako yote ikikaa kikao. Kama ni mahojiano ya kazi benki, mtafute yule jirani anayetoka kwa ploti saa kumi na mbili asubuhi akiwa na tai. Hata kama hamjazoeana. Watu hupenda kuulizwa kitu wanachokijua, jaribu uone.

Na usimuulize “niko aje?” Swali kama hilo jibu lake ni “uko poa”, basi, limeisha. Uliza kitu ambacho macho yake yanaweza kwenda moja kwa moja. “Mabega ya hili koti yameanguka?” “Nikiketi, vifungo vinaachana?” “Nikishika chuma cha juu kwa basi, tumbo linaonekana?” Kisha keti kweli, inua mkono kweli, wala usisimame tu kama sanamu ya dukani. Utashangaa jinsi nguo nzuri ya kusimama inavyogeuka aibu ya kuketi.

Hilo la mabega liulizie mapema zaidi ya yote. Muulize fundi yeyote mwenye cherehani pale sokoni atakuambia: kupunguza urefu wa suruali ni kazi ya dakika chache, kiuno kinabanwa au kuachiliwa kama kuna kitambaa cha akiba ndani, mikono mirefu inakatwa. Lakini mabega ya koti yakiwa makubwa, kuyarekebisha ni kulifumua koti nusu nzima, na mafundi wengi watakataa au wakuitishe pesa kuliko bei ya koti lenyewe. Kwa hivyo rafiki akisema “suruali ni ndefu”, nunua. Akisema “mabega si yako”, rudisha kwa hanga, hata kama ni mia tatu tu na roho inakuuma.

Kama huna wa kwenda naye, simu si mbaya, ila si ile picha ya kujipiga. Kamera ya mbele ukiishika karibu hukuza kilicho karibu nayo, ndiyo maana unaonekana una kichwa kikubwa na miguu ya mtoto. Mpe mtu simu, arudi nyuma hatua tano sita, akupige mbele, ubavuni na nyuma. Nyuma hasa. Hiyo ndiyo sura watu wanaona wakikufuata kwa ngazi. Lakini usitume hizo picha kwa grupu la watu mia ukiuliza “ya kwanza ama ya pili?” Watakujibu kwa vibonzo vya moto, wanaokupenda wataweka vitatu, na hakuna atakayekuambia pindo limeachia.

Sasa tuje kwa wewe unayeulizwa, maana pande zote mbili zina kazi.

Mjini hapa tuna tabia ya kuita dharau “ukweli”. Mtu anauliza kama blauzi inaendana na sketi, anajibiwa, “Hiyo si ni ya mtumba?” Anauliza kuhusu raba, anaambiwa ni feki. Hukuulizwa bei. Hukuulizwa mfuko wake una nini. Umeulizwa jinsi nguo inavyoonekana, na nguo ya shilingi hamsini ikiwa imepigwa pasi inaweza kuonekana vizuri kuliko yako ya elfu tano, na pengine hilo ndilo linalokukera.

Kuna dada mmoja kwa ploti yetu alikuwa na mahojiano ya kazi hotelini. Saa tatu usiku, akiwa ameshatundika nguo yake ukutani, akamuuliza mwenzake wa chumba anaionaje. Akaambiwa, “Utakaa kama msichana wa kazi.” Asubuhi hakwenda. Niliposikia nilikasirika kuliko yeye. Kwanza, msichana wa kazi huvaa na hupendeza kama mtu mwingine yeyote. Pili, saa tatu usiku duka gani liko wazi? Huyo mwenzake hakutaja kitu kimoja ambacho kingerekebishwa kabla ya kulala. Na nguo yenyewe nilikuja kuiona ikiwa imeanikwa: ilikuwa gauni la kawaida, kola imekunjika. Pasi ya dakika tano. “Lete hiyo kola niipige pasi” ungekuwa ukweli pia, na pengine saa hii angekuwa kazini.

Sheria ni ile ile basi, ila sasa inakuhusu wewe unayejibu: sema kile anachoweza kukirekebisha kwa muda uliobaki. Kukiwa na wiki, sema kila kitu, hata kwamba rangi haimfai. Kukiwa na saa moja, sema kifungo na uzi unaoning’inia. Na mwili wake uuache kabisa. Kiuno hakibadilishwi kabla ya saa mbili asubuhi. “Siku hizi umenona” si maoni kuhusu nguo.

Kuhusu wale wa stejini wanaotoa maoni bila kuombwa, sitawapa nafasi kubwa. Mji huu unajua walikotufikisha. Mnamo Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani Nairobi na makundi ya wanaume walioamua kwamba mavazi yao hayafai, video zikasambaa, na tarehe 17 mwezi huo wanawake wakajitokeza Uhuru Park na kuandamana chini ya jina My Dress My Choice. Wale wanaume pia, ukiwauliza, walikuwa “wanasema ukweli”. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kama umeulizwa kwa kuchelewa, gari linapiga honi na mtu ameshika mlango akisubiri jibu lako, sema amependeza. Huo si uongo wa kukunyima usingizi. Isipokuwa zipu. Zipu ikiwa wazi inasemwa popote, hata kwa matatu iliyojaa, hata kama hujaulizwa na hata kama hamjuani. Mwambie kwa sauti ya chini, na umkinge na begi lako akiifunga.