Land Rover Kuukuu: Nunua Chasi, Usinunue Rangi

MAVUNO yakishatoka shambani na fedha za mahindi zikaingia mfukoni, mazungumzo ya wafanyabiashara wa Sumbawanga huhama kutoka kwenye magunia na kwenda kwenye magari. Mwenye duka Laela, mnunuzi wa mpunga wa Bonde la Rukwa na mwenye mashine ya kusaga Matai wote huuliza swali moja: kuna gari gani zuri linauzwa? Katika yanayotajwa, Land Rover ya zamani iliyofufuliwa gereji haikosekani.

Safu hii haina ugomvi na biashara hiyo. Tunachotaka kuonya ni juu ya wale wanaosema kuwa Land Rover kuukuu ni akiba bora kuliko benki, ati kwa sababu hazitengenezwi tena, na kwamba mtu akiinunua, akaipaka rangi na kuifungia uani, bei itapanda yenyewe. Kwa maoni yetu, wasemao hivyo wanachanganya masoko mawili yasiyofanana. Mfanyabiashara mdogo akiyachanganya, mtaji wa mahindi wa msimu mzima unaweza kumpotea.

Soko la kwanza ni la kazi. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 huko Amsterdam, Uholanzi, na zile tunazoziita mia na tisa na wan-ten ndizo zilizofungua njia nyingi za Ufipa. Leo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, iliyojengwa kwa fedha za shirika la MCC la Marekani, na huko basi na Noah zimeshachukua abiria. Lakini ukishaacha lami na kuteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, Mtowisa na Ilemba wakati wa mvua, hesabu inabadilika. Huko gari lenye kuvuta magurudumu manne bado lina kazi, na mwenye mzigo halipi kwa sababu ya uzuri wa gari bali kwa sababu litafika.

Soko la pili ni la fahari. Hilo liko Ulaya na Marekani, ambako matajiri hununua magari ya kale yaliyorudishwa upya, yakiwamo yale marefu ya Kimarekani ya kukunja paa ambayo sisi tumeyazoea kwenye sinema. Sheria ya Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini humo bila kutimiza masharti ya usalama yanayodaiwa magari mapya. Ndiyo maana Land Rover za miaka ya 1990 zimekuwa zikitafutwa huko, na zilizotengenezwa upya kwa ustadi huuzwa hata zaidi ya dola 100,000. Habari kama hizo zikifika Sumbawanga, kila mwenye mia na tisa iliyooza anaanza kujiona tajiri.

Wanachosahau ni kwamba mnunuzi wa soko la fahari anataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani: injini ileile, gia boksi ileile, hata namba zilizogongwa kwenye chuma ziwe zilezile. Mnunuzi wetu wa bondeni anataka kinyume chake. Injini ya asili ikichoka, anafunga ya Isuzu au ya Toyota kwa sababu spea zake zinapatikana. Kwake, Land Rover yenye injini ya Kijapani imepanda thamani. Kwa mnunuzi wa fahari, gari hilohilo limeharibiwa. Huwezi kufunga injini ya soko moja kisha ukadai bei ya soko jingine.

Sasa tuitazame hoja ya kwamba hazitengenezwi tena. Ni kweli kuwa Land Rover Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari, 2016. Lakini tangu mwaka 1948 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni mbili. Hapa kwetu pia hazijaadimika: Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha nyingi kiasi cha kuziba barabara. Mkusanyiko ule ulikuwa wa kujivunia, lakini kwa mtu wa soko ulikuwa na ujumbe mmoja: mali iliyo nyingi hivyo haipandi bei kwa sababu ya uhaba.

Wamarekani wenyewe walishapata funzo hili. Mwaka 1976 kampuni ya Cadillac ilitangaza kuwa Eldorado ya kukunja paa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho ya aina hiyo kutengenezwa Marekani. Zilitoka 14,000. Watu wakazigombea, wapo waliolipa zaidi ya bei ya dukani, wakaziweka ndani bila kuziendesha, wakingoja utajiri. Mwaka 1982 Chrysler ilirudisha sokoni gari la kukunja paa, na kufikia mwaka 1984 Cadillac nayo ilikuwa inauza Eldorado mpya ya namna hiyo. Walioweka akiba wakabaki na magari yaliyokaa bure, na baadhi yao walikwenda mahakamani kulalamika kuwa wamedanganywa. Land Rover nayo ilizindua Defender ya umbo jipya mwaka 2019. Neno "ya mwisho" katika biashara ya magari si dhamana ya bei.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Umenunua Land Rover kwa Sh. 10,000,000. Chasi, injini na breki zimekula Sh. 7,000,000, bodi na rangi Sh. 2,000,000. Jumla ni Sh. 19,000,000. Tuseme fedha hizo mahali pengine zingekupa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni Sh. 3,800,000. Kwa hiyo ukiliweka gari uani miaka miwili, ni lazima liuzwe Sh. 22,800,000 ili usipate hasara wala faida, na hapo hatujahesabu bima, betri iliyokufa na tairi zilizopasuka kwa kusimama.

Gari hilohilo likifanya kazi na kukuachia Sh. 500,000 kwa mwezi baada ya mafuta, dereva na matengenezo, kwa miezi 24 limekupa Sh. 12,000,000. Hata ukiliuza kwa Sh. 13,000,000 tu, yaani chini ya gharama yako kwa milioni sita, mkononi una Sh. 25,000,000. Faida imetoka kwenye magurudumu, si kwenye ukale. Kama gari haliwezi kukuletea kiasi hicho kwa mwezi, basi usilinunue, hata dalali akilisifu kwa lugha tamu namna gani.

Sasa ununue nini? Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama bati la chuma. Hapo ndipo wengi wananaswa, kwa kuwa bodi inang'aa huku chasi ya chini, ambayo ni ya chuma, imeoza kwa ndani. Chukua nyundo ndogo ulale chini ya gari. Gonga chasi kutoka mbele hadi nyuma, hasa zinaposhikia springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mfu, au nyundo inazama. Beba pia sumaku. Kwenye milango na mabawa ya aluminiamu haitanasa. Ikinasa, ujue hapo pamezibwa kwa bati. Uliza gari lilikaa wapi. Lililozeekea pwani limekula chumvi ya bahari, na lililofanya kazi bondeni huenda limebaki na tope ndani ya chasi. Muuzaji akikataa gari lisiguswe kwa nyundo, amekwisha kukujibu.

Jambo la pili ni kadi. Linganisha namba ya chasi na ya injini zilizo kwenye gari na zile za kwenye kadi. Injini iliyobadilishwa bila mabadiliko hayo kuandikishwa TRA ni matatizo utakayoyarithi wewe. Gari lililopita mikononi mwa watu watatu kwa makaratasi ya kuandikiana, huku jina la mwenyewe wa kwanza bado liko kwenye kadi, usilinunue mpaka umiliki uhamishwe, hata kama bei ni ya kutupa. Lile lililotoka kwenye mnada wa serikali liwe na hati zake za mnada. Aidha, ukikusudia kubeba abiria, leseni ya LATRA iingie kwenye hesabu kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.

Jambo la tatu ni majira. Anayenunua Julai na Agosti, mahindi yanapouzwa, ananunua wakati kila mtu ana fedha. Mwenye subira hutazama Februari na Machi, wakati ghala limepungua na ada za shule zimeshalipwa. Ndipo wauzaji wanapokubali kushuka. Fanya matengenezo kabla ya mvua za Novemba, gari likute kazi bondeni.

Vipi kuhusu ile ya turubai, ambayo ndiyo gari letu la kukunja paa? Inapendeza kwenye picha, lakini asiyewahi kuipanda asubuhi ya Juni hapa Ufipa, upepo ukipita, asiilipie zaidi. Abiria wetu hulipa ziada ili afunikwe, hatalipa ili afunuliwe.

Atakayepata mnunuzi wa fahari kutoka nje, na gari lake likawa na injini yake ya asili na kadi safi, na auze, tena haraka. Hiyo ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye mpango wa biashara. Wengine wote tuendelee na kanuni ya zamani: gari ni jembe. Jembe hupimwa kwa shamba lililolimwa, na lililofungiwa ndani halijawahi kumlisha mtu.