Ligi ya Kupanda Boti

Wiki hii niko Chake Chake, Pemba, na nimekula pweza mpaka nahisi nina mikono minane.

Juzi jioni nilijibanza kijiweni, mitaa ya Machomane, washkaji wanabishana soka. Si Simba na Yanga, hayo nimeyazoea. Mmoja, kavaa jezi ya Arsenal iliyopauka hadi kwapani, akatangaza kuwa Ligi Kuu ya Zanzibar ni chandimu iliyopewa kombe. "Yakhe, visiwa vidogo hivi vitacheza mpira gani?"

Hapo akanigusa. Nikamuuliza: Faroe unaijua? Hajui. Basi bwana, ni visiwa vya huko juu, kati ya Scotland na Iceland. Baridi, upepo, kondoo kibao, na watu kama 54,000 tu. Pemba peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu 543,441. Yaani unaitia Faroe nzima mara kumi na chenji inabaki! Mwaka 1990 jamaa hao hawakuwa hata na uwanja wa nyasi, ikabidi mechi yao ya kwanza ya mashindano wakaichezee Sweden. Wakaitandika Austria 1-0. Na mwaka 2023 klabu yao, KÍ Klaksvík, iliwafuata Ferencváros wa Hungaria kwao Budapest, ikawapa 3-0, na msimu huo ikaingia hatua ya makundi ya Conference League ya Ulaya.

Kijiwe kimya.

"Sasa sisi tumekosa nini?" akauliza mzee wa kahawa.

Tumekosa mengi, mzee wangu, ila ukubwa haumo. Faroe ni mwanachama kamili wa FIFA na UEFA. Zanzibar iliingizwa CAF Machi 2017, Julai ikatolewa. Ndoa ya miezi minne, talaka bila eda. Klabu zetu bado zinacheza Afrika, lakini hebu tazama ni zipi. Super Falcon, vijana wa hapa hapa Pemba, walikuwa mabingwa mwaka 2012. Kuanzia hapo hadi msimu wa 2024/25 kombe limegoma kuvuka maji. Ukiitoa Mlandege, waliolichukua ni timu za vikosi tupu: KMKM, Mafunzo, Zimamoto, JKU. Mtu wa kikosi mwisho wa mwezi ana mshahara. Beki wa timu ya mtaa hapa Pemba ana mikarafuu ya babu yake, tena ikikubali kuzaa.

Beki mwenyewe alikuwepo, dogo mmoja kakaa pembeni hasemi kitu. Tulipobaki wawili ndipo akafunguka.

"Ami, mechi iliyopita ya Unguja nauli tulichangishana. Tumelala chini kwenye boti, tumetapika njia nzima, jioni tukaingizwa uwanjani. Tumekula nne."

Mabao manne si kitu. Kitu ni mama yake. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikija huku Pemba, na ndani alikuwemo dada wa mama huyo. Tangu siku ile mama hajakanyaga boti. Kila ikifika mechi ya ugenini mtoto anaaga, mama anampa mgongo. Safari hii kasema wazi: achague, mpira au yeye.

Nikamwambia dogo, ningekuwa mimi ningeshaacha. (Mimi naogopa hata kivuko cha Kigamboni, usicheke.)

Akanikumbusha 13 Januari 2025, Uwanja wa Gombani, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar Heroes wanaifunga Burkina Faso 2-1. Alikuwa jukwaani, kabanwa mpaka kandambili ikakatika.

"Ami, siku ile wao ndio waliotufuata. Burkina Faso! Wameshuka hapa hapa Chake. Mama mwenyewe alisikiliza kwenye redio mpaka mwisho."

Sikuwa na la kumjibu. Nikalipa kahawa, nikaenda kulala.

Jana asubuhi nimemkuta sokoni, begi mgongoni, ananunua ndimu za kunusa baharini. Pembeni yake alikuwa mama mmoja kajifunga buibui, hasemi na mtu, anazibonyeza moja moja na kumwekea zilizo ngumu.